Jina na Nasaba: Uhakiki wa Hoja Zinazotolewa Juu ya Asili ya Waramgarhia

Miongoni mwa jamii za Punjab ambazo asili yao imebishaniwa kwa muda mrefu, ni chache zilizoacha alama katika Afrika ya Mashariki kama ile jamii ya mafundi wa mbao, chuma na mawe ambayo Wasikh wake hujiita Ramgarhia, na Wahindu wake, wengi wao, hujiita Dhiman. Jina la zamani lililowakusanya sehemu kubwa yao, Wasikh, Wahindu na Waislamu pamoja, ni Tarkhan, yaani seremala. Juu ya asili yao yamesemwa mengi: kwamba ni Wabrahmin waliosahauliwa, kwamba ni wazao wa mashujaa, kwamba ni watumishi wa vijiji waliojipandisha cheo. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi huo, ukichunguzwa, aghalabu huwa wa namna moja tu, nao ni jina.

Yafaa ushahidi huo upimwe. Jina la tabaka laweza kushuhudia mambo mengi, lakini damu haliwezi kuishuhudia. Jina hueleza nani aliyeita, lini aliita, na kwa haja gani. Anayelichukua jina akalifanya cheti cha nasaba hulitwisha mzigo usiokuwa wake. Na kosa hilo limefanywa na wenye kujisifu na wenye kudharau, na hata na wataalamu wasiokuwa na upande.

Kwanza yapasa neno “tabaka” liwekewe mpaka. Hapa lina maana ya kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, akatazamiwa kuoa au kuolewa ndani yake, na ambalo kwa desturi lina kazi yake na cheo chake mbele ya makundi mengine. Tarkhan ni tabaka kwa maana hiyo. Mtoto wa Tarkhan huhesabiwa kuwa Tarkhan hata akiwa karani, askari au mganga, wala hajapata kushika randa maishani mwake. Giani Zail Singh, aliyekuwa rais wa India tangu 1982 hata 1987, alizaliwa katika jamaa ya namna hiyo. Urais haukumwondolea jina la tabaka lake vinywani mwa watu.

Basi neno lenyewe lasemaje? Wataalamu wa lugha za Bara Hindi wameliunganisha neno la Kipunjabi tarkhan na neno la Kisanskriti taksan, lenye maana ya mchonga mbao, ambalo ni ndugu wa neno la Kiyunani tekton, nalo lina maana ya seremala. R. L. Turner, katika kamusi yake kubwa ya kulinganisha lugha za Kihindi-Kiarya iliyotolewa kati ya 1962 na 1966, aliyakusanya maneno ya ukoo huo pamoja. Hata hivyo mfanano wa sauti huwavuta watu mbali. Katika lugha za Kituruki na Kimongoli kulikuwa na cheo kilichoitwa tarkhan, walichopewa waungwana waliosamehewa kodi. Na katika karne ya 16 nchi ya Sindh ilitawaliwa na ukoo ulioitwa kwa jina hilo. Mtu anayetaka kuwapa maseremala wa Punjab asili ya kifalme hupata hapa njia iliyo wazi machoni pake. Lakini njia hiyo haifiki popote. Atakayeifuata sharti aeleze jinsi cheo cha muungwana asiyelipa kodi kilivyogeuka kuwa jina la mtu anayetengeneza plau, na kwa nini maana hiyo mpya iwe sawasawa na maana ya neno la Kisanskriti lililokuwako nchini miaka mingi kabla. Maneno mawili yakifanana kwa sauti lakini yakaachana kwa maana, ilhali neno la tatu lafanana na mojawapo kwa sauti na kwa maana pia, hapana haja ya kusitasita.

Lakini hapo ndipo mtaalamu wa lugha apaswapo kujihadhari nafsi yake. Kuthibitisha kwamba neno tarkhan latoka katika taksan ni kuthibitisha umri wa neno. Hakuthibitishi kwamba Tarkhan wa Ludhiana au Jalandhar ametoka, baba kwa mwana, katika wachonga mbao wa zama za Veda. Neno hukaa mahali pake, na watu huingia na kutoka ndani yake. Tazama kwamba kazi ile ile, katika nchi zinazopakana, ina majina mengine yasiyokuwa na shina moja. Kwa wasemao Kihindi seremala ni barhai, kutoka neno la Kisanskriti vardhaki. Upande wa Rajasthan na Gujarat ni suthar, kutoka sutradhara, yaani mshika uzi wa kupimia. Mhunzi ni lohar, yaani mfanya chuma. Hayo ni majina ya kazi, na kazi huweza kushikwa na watu wa asili mbalimbali wakaja kuwa kundi moja. Denzil Ibbetson, aliyesimamia hesabu ya watu wa Punjab ya mwaka 1881, aliona kuwa yumkini Tarkhan na Lohar walikuwa tabaka moja, ijapokuwa Tarkhan alikuwa na cheo cha juu zaidi. Ikiwa ni hivyo, basi hata mpaka baina ya mbao na chuma haukuwa mpaka wa damu.

Hoja ya pili ni ya Vishwakarma. Katika dini ya Kihindu Vishwakarma ndiye fundi wa miungu, na watu wa kazi za mikono katika sehemu nyingi za India husema kwamba wametokana naye. Katika Punjab siku yake huadhimishwa kesho yake ya Diwali, na zana za kazi huwekwa chini zipumzike na kuheshimiwa. Kutokana na imani hiyo limekuja dai kwamba Wadhiman ni Wabrahmin: kwa kuwa mzee wao ni mungu mfanyaji, na kwa kuwa kazi ya kujenga madhabahu na mahekalu ni kazi takatifu, basi wafanyaji wake ni makuhani kwa asili. Jina la Dhiman lenyewe hutolewa kuwa shahidi, maana katika Kisanskriti lina maana ya mwenye akili, au mwenye hekima.

Dai hili halifai kuchekwa, wala halifai kukubaliwa kama lilivyo. Kwa upande wa lugha, tafsiri ya dhiman ni sahihi. Lakini jina la sifa halina nasaba. Anayeitwa mwenye hekima amesifiwa, na sifa yaweza kutolewa na wengine au kutwaliwa na mwenyewe. Dai hili lina thamani kwa jambo jingine: laonyesha watu wa kazi za mikono wakikataa kipimo kinachosema kwamba kazi ya mkono ni duni kuliko kazi ya kinywa. Wamekikataa kipimo hicho kwa maneno yake chenyewe, wakisema kwamba wao ndio Wabrahmin wa kweli. Huo ni ushahidi mzuri wa historia ya mawazo. Ushahidi wa kizazi ni jambo jingine.

Hoja ya tatu, iliyo na nguvu zaidi kwa Wasikh, ni ya jina la Ramgarhia. Hapa historia ina mwanga wa kutosha. Mwaka 1748 Wasikh walijenga ngome ndogo ya udongo mjini Amritsar, wakaiita Ram Rauni kwa heshima ya Guru Ram Das, Guru wa nne, aliyeuanzisha mji huo. Ngome ilizingirwa na kubomolewa, na baadaye ikajengwa upya na Jassa Singh, aliyezaliwa 1723 na kufariki 1803. Ngome mpya ikaitwa Ramgarh, yaani ngome ya Ram, naye akaitwa Ramgarhia, yaani mtu wa Ramgarh. Kabla ya hapo aliitwa Jassa Singh Thoka, na neno hilo lahusu useremala. Jeshi alilolikusanya likawa mojawapo ya misl, yaani yale majeshi yaliyoigawana Punjab katika nusu ya pili ya karne ya 18.

Sasa yafaa ifuatwe safari ya jina hili moja. Kwanza lilikuwa jina la mahali. Kisha likawa lakabu ya mtu. Halafu likawa jina la jeshi lake, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo watu wasiokuwa maseremala. Ramgarhia wa wakati huo alikuwa mfuasi wa Jassa Singh, kama mtu wa jeshi jingine alivyokuwa mfuasi wa mkuu mwingine. Ranjit Singh, aliyeutwaa mji wa Lahore mwaka 1799, alipoziunganisha misl chini ya dola moja, jina likabaki bila jeshi. Mwishowe likachukuliwa na maseremala Wasikh, na baadhi ya wahunzi na waashi Wasikh pamoja nao, likawa jina la tabaka. Kwa hiyo anayesema kwamba Waramgarhia wote ni wazao wa wanajeshi wa Jassa Singh amefanya kosa. Na anayejibu kwamba jina hilo ni la wizi, kwa sababu wengi wao mababu zao hawakuwa jeshini, amefanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Wote wawili wamedhani kwamba jina hurithiwa kama shamba. Ukweli ni kwamba jina hili lilitwaliwa, na swali la maana ni kwa nini lilitwaliwa.

Jibu laonekana katika vitabu vya serikali ya Kiingereza. Tangu ilipoanza kuwahesabu watu wa Bara Hindi, serikali hiyo ilimtaka kila mtu ataje tabaka lake. Ibbetson alishika kwamba msingi mkubwa wa tabaka ni kazi. H. H. Risley, aliyesimamia hesabu ya mwaka 1901, alishika kwamba msingi ni asili ya damu, akapima pua na vichwa vya watu ili kuthibitisha. Naye akaagiza tabaka zipangwe kwa daraja za heshima. Tokeo lake lajulikana vyema: jamii nyingi zilileta maombi ya kuandikwa kwa jina jingine au katika daraja jingine. Mahali ambapo zamani cheo cha mtu kilijadiliwa kijijini, pakawa na kitabu kimoja cha kukiandika, na aliyeandikwa chini alijua ameandikwa chini mbele ya nchi nzima.

Pamoja na kitabu ikaja sheria. Sheria ya mwaka 1900 juu ya uuzaji wa ardhi katika Punjab ilizuia ardhi ya makabila yaliyoandikwa kuwa ya wakulima isihamishwe moja kwa moja kwenda kwa wasiokuwa wakulima pasipo ruhusa ya serikali. Wajat waliandikwa, Watarkhan hawakuandikwa. Seremala aliyeweka akiba kwa miaka mingi alikuta kwamba jina lake lamfungia mlango wa shamba. Wengi walikuwa wamekwisha kuanza kuelekea mijini, kwenye karakana za reli na viwanda, na sheria hiyo ikawa sababu moja zaidi. Katika hali hiyo, kubadili jina hakukuwa majivuno matupu. Tarkhan lilikuwa jina la mtumishi wa kijiji, anayelipwa nafaka wakati wa mavuno kwa kutengeneza zana za mkulima. Ramgarhia lilikuwa jina la mtu mwenye historia.

Wataalamu wa miaka ya karibuni wamelitazama jambo hili kwa makini zaidi. W. H. McLeod, katika makala yake ya mwaka 1974, aliwalinganisha Waahluwalia na Waramgarhia, tabaka mbili zilizochukua majina ya viongozi wawili wa karne ya 18, wote wawili wakiitwa Jassa Singh. Wa kwanza asili ya kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza pombe. Wa pili, useremala. Faida ya ulinganisho huo ni kubwa, maana waonyesha njia ya namna moja ikitoa matokeo mawili: Waahluwalia walifanikiwa zaidi kuifanya kazi yao ya zamani isahauliwe. Panapotaka tahadhari ni pale msomaji anapoyachukua maneno “tabaka mbili za Kisikh”, yaliyomo katika kichwa cha makala hayo, akadhani kwamba tabaka hizo zilikuwako kwa majina hayo tangu siku za majeshi. Makala yenyewe hayasemi hivyo, lakini yamewahi kusomwa hivyo.

Satish Saberwal, ambaye kabla ya hapo alifanya utafiti kwa Waembu wa Kenya, alitoa mwaka 1976 kitabu juu ya watu wanaopanda daraja katika mji mmoja wa viwanda wa Punjab, na Waramgarhia wana nafasi kubwa ndani yake. Parminder Bhachu, katika kitabu cha mwaka 1985, aliwafuata Wasikh waliohama mara mbili: kutoka Punjab kuja Afrika ya Mashariki, na kutoka Afrika ya Mashariki kwenda Uingereza. Alionyesha kwamba wengi wa Wasikh wa huku walikuwa Waramgarhia, na kwamba umoja wao kama jamii ulipata nguvu nje ya Punjab, mahali ambapo hapakuwa na Jat mwenye shamba wa kuwaambia wakae wapi. Hoja hiyo ni nzito kuliko zote zilizotajwa, kwa sababu yaonyesha jamii ikijiunda, badala ya kuitafuta ikiwa imekwisha kuundwa zamani za kale. Lugha haikuwa shabaha ya kitabu hicho. Lakini ushahidi wa Kiswahili waiunga mkono kwa namna isiyotazamiwa.

Reli ya kutoka Mombasa hata Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, sehemu kubwa yao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa, na 6,700 hivi walibaki nchini kazi ilipokwisha. Maseremala, wahunzi na waashi wa Kipunjabi walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo, na wengine wa jamaa zao walifuata baadaye. Waswahili na watu wa bara waliokutana nao walihitaji jina la kuwaita. Hawakuchukua Tarkhan, wala Ramgarhia, wala Jat. Walisema Kalasinga, au Singasinga. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba neno la kwanza ni jina la mtu mmoja, Kala Singh, lililoenezwa kwa wenziwe wote. Na la pili lina neno lile la Singh ambalo tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, hutolewa kwa wanaume wote wa Khalsa bila kutazama tabaka.

Jambo hili lastahili kutafakariwa. Singh lilitolewa ili tabaka zisitajwe tena. Katika Punjab watu waliongeza neno jingine nyuma yake ili zitajwe, wakasema Singh Ramgarhia, Singh Ahluwalia, na kadhalika. Kiswahili, pasipo kukusudia, kililichukua jina kama Guru alivyolitoa: kilisikia Singh, kikaona kilemba na ndevu, kikaishia hapo. Neno Baniani lilikwenda njia iliyo kinyume. Hilo kwa asili ni jina la tabaka za wafanya biashara wa Gujarat, na Kiswahili kililitanua hata likawa jina la Mhindu yeyote. Hivyo mtu wa Dhiman aliyefika Mombasa akawa Baniani, ingawa hakupata kuuza kitu, na nduguye Mramgarhia akawa Kalasinga, ingawa pengine babu yao alikuwa mmoja. Mtafiti atakayekuja miaka mia tano baadaye, akayakuta maneno haya mawili tu, akasema kwamba hao walikuwa makabila mawili yenye asili mbalimbali, atakuwa amefanya sawasawa na wanavyofanya wanaoitafuta damu ndani ya jina Tarkhan.

Tena liko neno fundi. Wapunjabi hao waliitwa mafundi, na neno hilo ni la Kibantu, lenye shina moja na kufunda na kufundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa kazi akaijua. Mtoto wa fundi si fundi mpaka naye afundwe, na mtoto wa mkulima akifundwa huwa fundi. Tarkhan na fundi, ingawa kamusi yaweza kulifasiri moja kwa jingine, ni maneno yasiyolingana: la kwanza huuliza baba yako ni nani, la pili huuliza wajua nini. Karani wa Kiramgarhia wa Nairobi alikuwa Tarkhan kwa Kipunjabi, wala hakuwa fundi kwa Kiswahili.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Sivyo. Katika orodha ya jimbo la Haryana ya tabaka zilizobaki nyuma, Tarkhan, Barhai, Suthar na Dhiman-Brahmin yametajwa pamoja, ili watu wake wapate nafasi zilizotengwa katika kazi na masomo. Jina lenye neno Brahmin ndani yake, lililotwaliwa ili kupanda, limeandikwa katika orodha ya walioachwa nyuma, na pande zote mbili za jina hilo zina haki ya kusikilizwa. Mwaka 2025 serikali ya India ilitangaza kwamba katika hesabu ya watu itakayofuata tabaka zitahesabiwa kwa ukamilifu, jambo ambalo halikupata kufanywa na kutangazwa tangu hesabu ya 1931. Kwa mara nyingine mtu anaombwa aseme jina, na jina litageuka kuwa idadi, na idadi kuwa fungu la mali ya umma. Mtaalamu atakayeitwa kutoa rai juu ya asili ya Waramgarhia atakuwa anagusa riziki za watu.

Kwa hiyo yampasa ayatenge maswali matatu ambayo hoja zilizohakikiwa hapa zimeyachanganya. La kwanza ni asili ya neno, na hilo lina jibu katika elimu ya lugha. La pili ni historia ya kuitwa na kujiita, na hilo lina jibu katika kumbukumbu za majeshi, za serikali na za jamii zenyewe, pamoja na lugha za majirani wao, Kiswahili kikiwamo. La tatu ni nasaba ya watu, na hilo halijibiwi na la kwanza wala la pili. Yanayothibitika juu ya Waramgarhia hadi sasa ni haya: kwamba ni watu wa kazi za mikono wa Punjab, waliokusanyika kutoka kazi zaidi ya moja chini ya jina la ngome, kwamba jina hilo walilishika zaidi katika wakati ambapo jina la zamani liliwafungia milango, na kwamba umoja wao uliimarika wakiwa mbali na vijiji vilivyowapa daraja. Aliye na ushahidi wa zaidi ya hayo na aulete, lakini usiwe jina peke yake.